Mzigo Hubaki kwa Nani? Zawadi za Noeli na Bonane Zipitazo Kobero

Desemba ikiingia, foleni ya malori pale Kobero hubadilika sura. Saruji na mbolea huendelea kupita kama siku zote, lakini katikati yake hujipenyeza mizigo ya namna nyingine: magodoro yaliyofungwa juu ya mabasi, katoni za wanasesere, marobota ya mitumba, mabegi ya shule, mabeseni ya plastiki yaliyopachikwa moja ndani ya jingine. Ng'ambo ni Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania. Upande huu ni komini ya Butihinda, katika eneo lililokuwa mkoa wa Muyinga hadi mgawanyo mpya wa mwaka 2025 ulipoliingiza ndani ya mkoa wa Buhumuza. Kutoka hapo mzigo unakwenda Muyinga mjini, na ukiendelea kupitia Karusi unafika Gitega, makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu 2019. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na tangu hapo Kobero imezidi kuwa mlango wa kaskazini-mashariki yote. Mtu aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Kahama akitaka kumfurahisha mamake aliyeko Gitega kwa Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, uwezekano ni mkubwa kwamba furaha hiyo itapigwa muhuri hapa.

Katika miji ya Ulaya na Marekani kila mwisho wa mwaka huulizwa jinsi ya kuchagua zawadi isiyomwonea aliyeitengeneza wala kuharibu mazingira. Majibu ya swali hilo yamekuwa biashara kamili. Kuna nembo za biashara ya haki, kuna karatasi zilizotengenezwa kwa karatasi kuukuu, kuna katalogi za misaada ambamo mtu wa London humnunulia shangazi yake mbuzi ambaye shangazi hatamwona maishani, kwa kuwa mbuzi huyo anapelekwa Afrika. Sina ugomvi na nembo hizo. Ila karibu zote huanzia kwenye dhamiri ya mtoaji, anayetaka alale usingizi. Swali hilohilo likiulizwa Kobero, anayestahili kufikiriwa kwanza ni mpokeaji, kwa sababu mara nyingi ndiye anayemalizia kulipa: taa iliyozimika wiki ya tatu ni yake, mbuzi asiye na majani ni wake, simu isiyoshika chaji ni yake. Ndiyo maana, pamoja na kuuliza kitu kimetoka wapi na nani kalipwa, mimi nauliza pia: sikukuu zikiisha, mzigo unabaki kwa nani?

Suala la kufungia zawadi ni jepesi, tulimalize. Agosti 2018 Burundi ilitoa amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, ikawapa wafanyabiashara miezi 18 ya kujiandaa. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa hiyo rambo halina haki upande wowote wa kizuizi cha Kobero. Mifuko iliyochukua nafasi yake, ile laini inayofanana na kitambaa, wengi huidhania kuwa ni kitambaa kweli. Nyingi zimetengenezwa kwa plastiki ya polipropilini, na uzuri wake uko katika kutumiwa mara nyingi tu. Karatasi za kung'aa zenye utando wa plastiki hazina hata uzuri huo. Zawadi ikifungwa kwa kitenge, au ikiwekwa ndani ya kikapu, kifungashio nacho kinakuwa zawadi.

Kikapu ndicho kitu ambacho Burundi haihitaji kufundishwa na mtu. Nyumba nyingi vijijini zina igiseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, ambacho kwa desturi ndicho hubeba unga, maharage au mtama unapokwenda kumzuru mkwe au kumpongeza mzazi. Kitita cha majani makavu huzungushwa mzunguko juu ya mzunguko, na kila mzunguko hushonwa kwenye ule wa chini kwa nyuzi za mkonge au za mgomba. Hakuna mashine. Kikapu kizuri cha ukubwa wa wastani humla mfumaji siku nyingi, na kwa kuwa kazi hiyo hufanywa jioni baada ya shamba, siku hizo huvutika zikawa wiki.

Majirani wa Rwanda wana kikapu cha ukoo huohuo, nacho kimesafiri mbali. Dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walianzisha kampuni ya Gahaya Links, na mwaka 2005 vikapu vya wafumaji wa Rwanda vikaanza kuuzwa na Macy's, duka kubwa la Marekani, vikisifiwa kuwa vikapu vya amani vilivyofumwa na wanawake walioishi pande zote mbili za mauaji ya 1994. Watu walinunua kikapu pamoja na habari yake. Burundi nayo ilikuwa na wafumaji, na ilikuwa na vita iliyodumu miaka na kuisha, lakini mlango wa namna hiyo haukufunguka. Mgogoro wa kisiasa wa 2015 ulipozuka, Marekani iliiondoa Burundi katika AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kuanzia tarehe 1 Januari 2016, na watalii, ambao hawakuwa wengi tangu hapo, wakapungua zaidi. Matokeo yake ni rahisi kuyaeleza: mfumaji wa Muyinga hana mnunuzi wa New York anayemsubiri. Soko lake ni Warundi wenyewe na wageni wao. Unaponunua kikapu Desemba hii huingii kwenye foleni ndefu ya wanunuzi. Pengine foleni yenyewe ni wewe.

Kikapu chenyewe kichunguze. Kigeuze utazame kitako, maana pale ndipo mfumaji alipoanzia na ndipo uzembe huonekana: mizunguko ikiwa imeachana, au ukiweza kuona mwanga kati yake, hakitafika mwaka. Halafu tafuta ncha ya uzi iliyojitokeza, uikate na kuichoma kwa kiberiti. Mkonge huungua na kuacha jivu. Ukiona uzi unajikunja, unayeyuka na kuganda kama ushanga mweusi, ujue ni plastiki, na mara nyingi imetoka kwenye viroba vya mchele au mbolea vilivyofumuliwa uzi mmoja mmoja. Wapo wanaokikataa kikapu cha namna hiyo kwa kuwa si cha asili. Mimi sikikatai. Kiroba kilichofumuliwa hakijaungua jalalani wala hakijaziba mtaro, na rangi zake hazichujuki. Ninachokataa ni kuuziwa plastiki kwa bei ya mkonge huku nikiapiwa kuwa ni mkonge.

Kuna pia suala la bei. Desturi ya masoko yetu ni kupatana, na anayelipa bila kupatana huonekana mshamba au mwenye majivuno. Ila kupatana juu ya kitu alichotengeneza aliyesimama mbele yako si sawa na kupatana juu ya kitu alichokinunua kwa jumla. Muuzaji wa jumla akishusha bei, anapunguza faida; mfumaji akishusha, anapunguza mshahara wake wa siku zilizokwisha kupita. Niliwahi kumsikia mteja akisema, "Mama, punguza basi," na mama wa vikapu akamjibu bila kuinua macho, "Mwanangu, nimeanza kukipunguza tangu nilipokianza." Mteja alicheka, akatoa pesa. Anayetaka kupatana apatane kwa idadi: achukue vitatu, aombe bei ya vitatu, na mfumaji naye apate kurudi nyumbani mapema.

Vyungu vina historia nzito zaidi. Burundi, tangu zamani, ufinyanzi ni kazi ya Batwa, jamii ndogo kuliko zote tatu za nchi hiyo na iliyonyimwa ardhi kwa muda mrefu kuliko zote. Katiba ya mwaka 2005 iliwatengea viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti, hatua ambayo nchi nyingi zenye jamii kama hiyo hazijaifikia. Lakini kiti cha Bujumbura au Gitega hakimpi mtu udongo. Udongo wa mfinyanzi hutoka mabondeni, na mabonde hayo yamegawiwa na kulimwa mpunga na mboga kadiri watu walivyozidi kuongezeka. Anayetaka kuchimba sasa hana budi kumwomba au kumlipa mwenye shamba. Upande wa pili ndoo na beseni la plastiki, mengi yakiwa yamepita hapahapa Kobero, yameua soko la mtungi wa maji. Mfinyanzi amebanwa kwa malighafi na amebanwa kwa soko.

Ndiyo maana, kati ya zawadi zote za mkono zinazopatikana kati ya Muyinga na Gitega, jiko la udongo ndilo ningelitanguliza. Sisemi chungu cha kuwekwa sebuleni kama pambo, ingawa nacho ni halali. Nasema jiko, lile linaloshika moto na kuuelekeza kwenye sufuria. Kenya ilionyesha njia katika miaka ya 1980, pale jiko la bati lilipotiwa utando wa udongo uliochomwa ndani yake likaanza kula makaa machache kuliko jiko la bati tupu, na mafundi wa mitaani wakalichukua wakaliuza wenyewe. Burundi, ambako kaya karibu zote hupikia kuni au makaa na vilima vingi vimebaki na mikaratusi tu, tofauti ya fungu moja la kuni kwa wiki inaonekana mkononi mwa binti anayetumwa kuokota. Jiko likitengenezwa na mfinyanzi wa Kitwa, zawadi moja imelipa udongo wake, imepunguza kuni na imempumzisha mtoto. Kasoro yake naijua: ni zito, huvunjika, na kondakta wa basi atakutoza nafasi ya mtu mzima. Linunue uendako, usilibebe kutoka mbali.

Mbao nazo zinataka tahadhari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mgeni anayefika Gitega hupelekwa Gishora, kilima cha ngoma za kifalme kilicho kilomita chache nje ya mji, na akirudi hutaka ngoma ya kubeba. Ngoma ya Burundi, ambayo mchezo wake uliandikishwa na UNESCO mwaka 2014, huchongwa kutoka gogo moja zima la mti uitwao umuvugangoma, ndio mringaringa wa Watanzania, kisha ikavalishwa ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa vigingi vya mti. Gogo moja, ngoma moja. Mringaringa hukua upesi kiasi na hupandwa, kwa hiyo tatizo si kuukata, tatizo ni kuukata bila kuupanda. Kijingoma cha kuweka mezani, ambacho hakitapigwa hata siku moja, sioni sababu ya kukilipia kwa mti. Na anayetaka kumpa dada yake ngoma kubwa ajue pia kuwa amri ya rais ya Oktoba 2017 iliwazuia wanawake kupiga ngoma hizo, na ikaweka shughuli za ngoma chini ya ruhusa ya wizara. Hilo ni jambo la siasa kuliko la mazingira, lakini zawadi huingia nyumbani na siasa zake.

Somo la uchongaji limo Kenya. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza kuchonga kwa Wazaramo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akarudi na ufundi huo nyumbani. Miaka hamsini baadaye Wakamba walikuwa na vyama vya ushirika vya wachongaji hadi Mombasa, na twiga na vifaru vyao vikajaa maduka ya watalii. Iliyoangamia ni miti ya mpingo na mhugu. Miti hiyo ilipoadimika, wachongaji walishawishiwa kuhamia mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti ya kupandwa inayokua haraka. Tanzania ilichukua njia nyingine: vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa msitu wao wa asili, na mpingo wao ukaweza kuuzwa kihalali huku pesa ikibaki kijijini. Kwa hiyo kinyago cha mpingo si dhambi moja kwa moja. Muulize muuzaji mti umetoka wapi. Akijua, atajibu. Akianza kukupa sifa za mti badala ya mahali ulikotoka, nenda meza nyingine.

Sasa nije kwenye zawadi ambazo watu hupeana kwa wingi kuliko vikapu na vyungu vyote: sukari, mchele, mafuta, soda na bia. Miaka ya karibuni Burundi imekumbwa na uhaba ulioshikana. Fedha za kigeni zimeadimika, mafuta ya magari nayo yakaadimika, na vinywaji vya kampuni ya Brarudi na sukari ya kiwanda cha SOSUMO kule Moso vikawa vya kutafutwa kwa kujuana. Katika hali hiyo kilo mbili za sukari ni zawadi ya heshima kuliko sanduku la chokoleti. Lakini uhaba una hesabu yake. Ukivuka kutoka Kabanga na sukari yako, umeongeza sukari nchini. Ukifika Muyinga ukanunua mfuko mzima dukani kwa bei ya kificho ili uwagawie ndugu, hujaongeza chochote. Umeihamisha kutoka kwa jirani yao hadi kwao, na umemfundisha mwenye duka kwamba kuficha kunalipa. Kwa macho ya mpokeaji zawadi hizo mbili ni sukari ileile. Kwa mtaa mzima ni vitu viwili tofauti.

Waislamu, ambao Muyinga si wachache, wana utaratibu ambao wanaoadhimisha Noeli wangeweza kuuazima. Zakatul-fitri hutolewa kwa chakula cha kila siku cha watu wa mahali, kwa kipimo kinachojulikana, na hutolewa kabla ya sala ya Idi, ili maskini aiamkie sikukuu akiwa na cha kupika. Hapo kuna kanuni ambazo katalogi za zawadi hazizitaji: kitu kiwe kile anachokula, na kifike kabla. Mchele unaofika tarehe 27 Desemba kwa sababu basi lilikosa mafuta njiani bado ni mchele, lakini watoto walikwisha kula sikukuu yao kwa mboga ya lengalenga. Mwenye kutuma kupitia Kobero atume mapema, wiki mbili kabla, akijua mafuta ni ya bahati.

Kuhusu chupa, jambo moja: bia na soda za chupa za kioo zinazorudishwa ni safi kimazingira kuliko za plastiki, ila kreti ina amana. Anayepeleka kreti kwa wazee kijijini amewaachia pia kazi ya kuzirudisha chupa, la sivyo amana imepotea. Alipe amana yeye, au azichukue chupa anaporudi.

Nguo zinazua mabishano makali kuliko yote. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia kuachana na mitumba ifikapo 2019 ili kuvipa pumzi viwanda vya ndani. Marekani ilikunja uso. Kenya ilijitoa mapema, wengine wakalegeza, na Rwanda iliyoshikilia ushuru wa dola 2.50 kwa kilo ikasimamishiwa manufaa ya AGOA kwa nguo mwaka 2018. Burundi, iliyokwisha kuondolewa AGOA, haikuwa na cha kutishiwa, lakini haikuwa na viwanda vya kutosha vya kujaza pengo pia. Kwa hiyo mitumba bado ndiyo nguo ya sikukuu ya wengi. Kwa mazingira, shati la pamba lililovaliwa na mtu mwingine Ujerumani na kuvaliwa tena Muyinga miaka mitano ni bora kuliko shati jipya la poliesta linalopauka Machi. Taabu iko ndani ya robota: sehemu yake huwa matambara, na matambara hayo hayarudi yalikotoka. Mnunuzi wa zawadi hawezi kulitengeneza hilo akiwa peke yake, ila anaweza kuchagua nguo moja nzito kuliko tatu nyepesi. Kitenge nacho, hata kikiitwa cha wax na kuandikwa jina la Uholanzi pindoni, aghalabu kimechapwa Asia, kwa hiyo asijidanganye mtu kuwa amesaidia kiwanda cha Afrika. Aliyesaidiwa ni fundi cherehani. Ukimpa mtu kitenge bila pesa ya kushonea umempa deni. Ukimlipa fundi wa mtaani kwake kabla, umempa gauni.

Mifugo ndiyo zawadi yenye fahari kuliko zote Burundi, na ndiyo yenye mtego mkubwa. Ng'ombe aliyetolewa hapo kale alifunga uhusiano wa utii kati ya familia mbili, kwa mfumo wa ubugabire, na wazee bado wanajua uzito wake. Leo kuna sheria ya mwaka 2018 inayotaka mifugo ifugwe ndani ya zizi na kukatiwa majani, isiachwe kuzurura, kwa kuwa mashamba yamejaa na vilima vinamomonyoka. Sheria ina mantiki. Ila maana yake ni kwamba mbuzi unayempelekea bibi mwenye miaka sabini huko Giteranyi anahitaji banda, anahitaji majani ya kukatwa kila siku, na anahitaji kijana wa kuyakata. Mbuzi asiye na matete yaliyopandwa tayari ni adhabu. Ongeza na magonjwa: mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa iliua ng'ombe wengi na serikali ikasimamisha biashara na uhamishaji wa mifugo, hivyo mnyama wa kuvushwa mpakani bila karatasi za daktari wa mifugo ni hatari kwa zizi la kijiji kizima.

Wanaotaka kutoa mnyama waige mnyororo wa mshikamano uliotumiwa nchini Burundi na miradi ya IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo. Kaya hupewa mnyama baada ya kupanda majani na kujenga banda, kisha mzao wa kwanza hupewa jirani anayefuata kwenye orodha, naye hivyo hivyo. Samadi ndiyo faida ya kwanza, maziwa baadaye. Jambo hili linafanyika hata bila mradi: ndugu watatu wanachanga, dada anajenga banda Oktoba, mbuzi anafika Desemba, na kila mmoja anajua mtoto wa kwanza ni wa nani.

Kwa asiye na uwezo wa mbuzi, kuna mche wa parachichi uliopandikizwa. Unabebeka kwenye baiskeli. Desemba ni mvua, kwa hiyo hausubiri mtu kuumwagilia, na ukitunzwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi au minne. Serikali yenyewe imekuwa ikihimiza upandaji miti kwa kampeni ya Ewe Burundi Urambaye tangu 2018. Nimeona watu wakiona haya kutoa mche, wanadhani utaonekana zawadi ya maskini. Uambatanishe na kilo ya mchele, haya itaisha.

Wanaoishi mbali, Brussels, Montréal au Muscat, hutuma pesa, na wengi wao huamini kuwa pesa haina madhara kwa kuwa haina taka. Ni kweli, lakini ina njia. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani rasmi, dola moja ikapanda kutoka kama faranga 2,000 hadi kama 2,800, na bado mtaani dola iliuzwa ghali zaidi ya hapo kwa mbali. Anayetuma kwa njia rasmi anaiona zawadi yake ikifika imepungua. Anayetuma kwa mkono anaipitisha kwenye soko ambalo benki hazilioni, wakati nchi inakosa fedha za kigeni za kununulia mafuta. Sioni jibu safi hapa. Jibu la nusu ni kulipia kitu moja kwa moja: ada na madaftari ya muhula wa Januari, sare ya shule kwa fundi, au taa ya sola. Kuhusu taa ya sola, ni takriban mtu mmoja tu kati ya kumi aliyefikiwa na umeme Burundi, na mtoto anayesomea kibatari anavuta moshi wake. Ila taa rahisi za kuokoteza zimejaa mipakani, na betri yake ikifa hakuna pa kuitupa ila shimoni. Nunua iliyopimwa ubora, yenye dhamana, na ambayo fundi wa Muyinga anaweza kuibadilishia betri. Ukikosa hiyo, nunua madaftari.

Wachuuzi wadogo wa Kobero, wengi wao wanawake, wanaijua njia moja ambayo wanunuzi wa zawadi hawaijui. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, bila ushuru wa forodha. Mtu anayerudi Mwanza na vikapu kumi vya kuwapa wafanyakazi wenzake akiomba cheti hicho dirishani hapo hapo, hana haja ya kumpa mtu wa pikipiki avipitishe porini.

Imebaki dhahabu. Kwa karibu kila kipimo nilichotumia hadi sasa dhahabu inafaulu: haiozi, haina kifungashio, haimwachii mpokeaji kazi, inauzika siku ya shida. Tena ni ya hapa. Ardhi ya Butihinda, komini ileile ya Kobero, ina machimbo ya wachimbaji wadogo, na kijana wa Muyinga anayemvisha mchumba wake pete wakati wa Bonane anaweza kusema kwa kweli kwamba imetoka kwao. Taabu iko kwenye kuitoa. Katika uchimbaji mdogo wa Afrika Mashariki vumbi la dhahabu hukamatwa kwa zebaki, kisha mchanganyiko huo huchomwa juu ya moto mpaka zebaki iruke na kuacha dhahabu. Inayoruka huvutwa na aliyeinama juu ya kikaango, mara nyingi nyumbani kwake, watoto wakiwa karibu; inayobaki huingia kijitoni na ndani ya samaki. Mkataba wa Minamata ulioanza kutumika mwaka 2017 unazitaka nchi zipunguze matumizi hayo, lakini sonara hawezi kukwambia gramu zako zilikaangwa wapi, kwa kuwa kwenye bakuli lake dhahabu za mashimo yote zimekwisha kuyeyuka pamoja. Baadhi ya masonara hukubali kupokea dhahabu ya mteja mwenyewe: hereni moja iliyobaki bila mwenzake, mkufu wa bibi uliokatika. Wanaipima mbele yako, wanaiyeyusha, wanakutolea pete na kukutoza ufundi tu.